Usiidharau Njia Tambarare: Matembezi ya Kando ya Maziwa ya Singida

Treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana, likipewa mwinuko mkali linateleza. Kwa hiyo mhandisi wa reli hukizunguka kilima badala ya kukipanda, na pasipozungukika hukata udongo hapa akaujaza bondeni pale. Reli nyingi hazizidi mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100. Ndiyo maana huko Marekani na Uingereza reli ikifa hung'olewa vyuma, tuta likapigwa lami au kumwagiwa changarawe laini, ikawa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ile ya Elroy hadi Sparta, jimbo la Wisconsin, ilifunguliwa mwaka 1967, ina zaidi ya kilomita 50 na mahandaki matatu yaliyokuwa ya treni. Bibi na mjukuu wanaongozana humo bila mmoja kumsubiri mwenzake.

Kwetu katikati ya nchi hatujafika huko. Reli ya Kati iliyoingia Dodoma mwaka 1910 bado inafanya kazi. Tawi la kutoka Msagali kwenda Kongwa, la enzi za mpango wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951, halipo tena. Anayetaka mwendo wa namna ile, yaani tambarare, chini pagumu, maji yakionekana pembeni, mahali pazuri kuliko pengine ni Singida. Mji umekaa jirani na maziwa mawili ya chumvi, Kindai na Singidani, na huhitaji kupanda chochote ili uyaone. Kutoka Dodoma ni kama kilomita 240 kwa barabara kupitia Manyoni.

Wanaokwenda huko mara ya kwanza huwa na neno moja: "Ni tambarare tu." Wanabeba chupa moja ndogo ya maji, wanavaa malapa, wanaondoka saa 3 asubuhi baada ya chai. Saa 6 unawaona wamekaa chini ya mgunga wakiuliza bodaboda inapatikana wapi.

Tambarare inachosha kwa namna yake. Kwenye kilima mguu hubadilisha kazi: ukipanda, shavu la mguu na mapaja yanavuta, ukishuka, magoti yanazuia, kiungo kimoja kikifanya kazi kingine kinapumua. Kwenye lami iliyonyooka hakuna kupokezana. Mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 70 hupiga hatua zipatazo 14,000 kwa kilomita 10. Kila mguu unatua mara 7,000, kwa pembe ileile, kwenye doa lilelile la kisigino, juu ya kitu kisichobonyea. Kasoro ndogo ya kiatu ambayo mlimani usingeiona, hapa inarudiwa mara 7,000.

Basi tuanze na viatu, maana robo tatu ya shida zote huzaliwa humo.

Kiatu cha lami ni raba yenye soli nene inayobonyea kidogo ukiikandamiza kwa kidole gumba. Buti la mlimani ni gumu mno kwa kazi hii, linakuchosha bure. Nunua jioni, baada ya siku nzima ya kusimama, kwa sababu mguu huvimba, na kwenye joto la Singida utavimba zaidi. Ukishavaa soksi na kufunga kamba, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Pakibana, kucha zitagonga mbele na kuwa nyeusi. Pakizidi, mguu utaogelea na kisigino kitachubuka. Raba ya mtumba si mbaya, ila igeuze uangalie soli: kama imelika upande mmoja, ilifuata mwendo wa mwenye nayo wa kwanza, na itakulazimisha uutembee mwendo wake.

Katambuga, makobazi ya tairi, wachungaji wa Ugogo na Unyaturu wanayavaa maili na maili, na kwa miiba hakuna kiatu kinachoyashinda. Mbigili hazipiti. Lakini mchungaji ameyavaa tangu utotoni, ngozi yake imeshakomaa pale mkanda unapopita. Mtu wa ofisini akiyavaa leo kwa kilomita 10 atarudi na vidonda viwili juu ya wayo, vilivyochorwa kwa rula. Malapa ndiyo mabaya kuliko yote. Vidole vinalazimika kuyashika kila hatua yasichomoke, na jioni muundi wote wa mbele unauma, mtu asijue kwa nini.

Lengelenge lina sababu tatu zinazofanya kazi pamoja: joto, unyevu na msuguano. Punguza hata moja tu na hatari inashuka. Soksi ya pamba tupu ikilowa jasho hailiachi, kwa hiyo zile za michezo zenye nyuzi za nailoni ni bora hata kama si za bei mbaya. Beba jozi ya pili, badilisha katikati ya safari, ile iliyolowa itundike nje ya begi. Kwa upepo wa Singida itakauka ndani ya nusu saa. Sehemu unazojua huchubuka, zipake mafuta ya mgando kabla ya kuvaa, mapajani pia kwa wenye mapaja yanayogusana. Na ukisikia sehemu ya mguu inawaka moto, simama hapohapo. Huo moto ni dakika zako kumi za bahati. Vua, kausha, bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa pembe zake ziwe duara, maana pembe kali hukunjamana na kuanza kidonda kingine. Anayesema "nitaangalia tukifika" ataangalia kidonda. Lengelenge dogo lisilouma liache na ngozi yake. Kubwa linalozuia kutembea litobolewe pembeni kwa sindano iliyochomwa moto ikapoa, maji yatoke, ngozi isibanduliwe, lifunikwe.

Lami yenyewe ina mgongo. Barabara hujengwa katikati juu na pembeni chini ili maji ya mvua yatiririke, mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Ukiwa ndani ya gari huoni. Ukitembea pembeni kilomita 6 upande uleule, mguu wa nje unakanyaga chini kuliko wa ndani muda wote, na usiku nyonga moja inauma, nyingine haina habari. Kwenye barabara isiyo na magari mengi tembea katikati inapowezekana, au rudi kwa upande uleule wa barabara uliojia ili mteremko ugeuke. Palipo na magari sheria ni moja: upande wa kulia, ukiyatazama yanapokuja. Bodaboda ndizo hazifuati kanuni hiyo. Zinakuja kwa nyuma, pembeni kabisa, wakati mwingine bila taa alfajiri. Masikio yote mawili yawe wazi, muziki subiri nyumbani.

Barabara kuu inayopita Singida iache kabisa. Ndiyo njia ya malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na upepo wa lori moja lenye trela unatosha kukuvua kofia na kukuyumbisha. Tumia barabara za mjini na za vijijini zinazoelekea majini. Vipande vyake vingine ni lami, vingine changarawe, na kusema kweli mguu hushukuru pale lami inapokatika. Ukiweza kupata kipande cha udongo ulioshindiliwa kando ya lami, tembea humo hata kama kina vumbi.

Sasa jua. Singida ipo kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, Dodoma kama 1,100, hivyo asubuhi ni baridi na mtu anadhani siku nzima itakuwa hivyo. Baridi hiyo inaficha jua. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa katika ukanda huu, kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Machi angalau kuna mawingu na majani. Oktoba hakuna kitu: migunga mingi ni miiba mitupu, na mbuyu usio na majani hautoi kivuli zaidi ya shina lake. Hewa ikiwa na nyuzijoto 30, lami nyeusi inaweza kufika 50 na kupita, na joto hilo linapanda kupitia soli na kukupiga usoni kutoka chini. Kofia haizuii la chini. La chini linazuiwa na saa.

Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, jua linapochomoza, na uwe umemaliza saa 4. Hayo ni masaa matatu na nusu. Mtu mzima hutembea kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare. Kikundi chenye watoto na watu wazima mchanganyiko huenda 3 hadi 3 na nusu ukijumlisha kusimama. Kwa hiyo kikundi cha kawaida kina kilomita 10 za kwenda na kurudi, si zaidi. Anayepanga 16 kwa sababu "hakuna mlima" anapanga kutembea saa 5 na saa 6 mchana. Jioni inawezekana kuanzia saa 10, ila kumbuka kwetu giza halibishi hodi: jua likizama, baada ya dakika kama ishirini huoni shimo.

Upepo wa Singida unasifika, mpaka mkoa umekuwa ukitajwa miaka mingi kwenye mipango ya umeme wa upepo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, unavuma zaidi kutoka mashariki. Msafiri anaupenda kwa sababu anajisikia poa, na hapo ndipo anapoibiwa. Jasho linakauka kabla hajaliona, anadhani hatoki jasho, hanywi. Chumvi nyeupe kwenye mshipi wa kofia ndiyo inayosema kweli. Upepo huo pia unaamua uelekee wapi. Anza kwa kuukabili, yaani uende mashariki, ukiwa na nguvu. Utarudi ukikusukuma mgongoni. Kweli jua litakupiga machoni ukiondoka, lakini jua la saa 1 bado ni jepesi na kofia yenye ukingo mpana inalimaliza. Kinyume chake ni balaa: unateremka na upepo kilomita 6 ukijisifu kwa kasi, kisha unageuka saa 3 na nusu, vumbi usoni, miguu imechoka, maji nusu. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Mtandio au kanga inafanya kazi mbili, kivuli cha shingo na kinga ya vumbi puani.

Maji: nusu lita kwa saa kwa mtu mmoja asubuhi, robo tatu hadi lita nzima jua likishapanda. Kwa mwendo wa masaa matatu na nusu beba lita 2 na nusu, na uzigawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la mambo yasiyotarajiwa. Fungu la kwanza likiisha, geuka, hata kama ziwa ndiyo kwanza linaanza kupendeza. Kunywa mafunda machache kila robo saa. Kuikata chupa nzima kwa mara moja kunaishia kukojoa njiani. Na usinywe maji matupu lita kwa lita bila kula kitu cha chumvi, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi na kichwa kitauma vilevile. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja inatosha. Ukiikosa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi ni mbadala mzuri.

Chakula kisiwe jambo kubwa. Karanga za kukaanga zenye chumvi, ndizi, kiazi kitamu cha kuchemsha. Zabibu za Dodoma ni nzuri ajabu njiani, ila ziwekwe kwenye kopo gumu. Kwenye mfuko laini zitafika zikiwa juisi. Ubuyu wa rangi na pilipili acha, unaleta kiu. Kashata ni nzito lakini inamnyanyua mtoto aliyegoma.

Ziwani penyewe ndipo watu wanapochafuka. Maji ya chumvi yakipungua kiangazi huacha ukanda mpana wa tope, juu limekauka, lina ganda jeupe lenye nyufa kama vigae. Linaonekana imara. Hatua tatu za kwanza linakubeba, ya nne linapasuka na mguu unazama hadi kifundoni, wakati mwingine zaidi, na raba inabaki chini. Tope hilo lina magadi, kwenye lengelenge lililopasuka linawasha kama pilipili. Kaa palipoota majani. Ukitaka kusogea karibu na maji, fuata kwato za ng'ombe: ng'ombe ni mzito kuliko wewe, alipopita hapazami. Hata hivyo angalia kama kwato ni za jana au za masika. Ukizama, usivute kwa nguvu. Kaa kitako, legeza kisigino kwanza, mguu utatoka na kiatu chake. Maji ya kuoshea yawe uliyobeba.

Heroe wakiwapo, na hawapo siku zote kwa sababu hufuata mwani na mwani hufuata kiwango cha maji na chumvi, utawaona kama mstari wa waridi majini. Asubuhi ni bora, hewa haijaanza kutetemeka kwa joto. Darubini ya bei ndogo inafanya kazi kubwa kuliko kutambaa matopeni na simu. Wakianza wote kuinua vichwa na kutembea upande mmoja, umeshawakaribia kupita kiasi. Rudi nyuma taratibu. Kundi likiruka kwa ajili ya picha yako limepoteza mlo wake.

Mabwawa ya maji baridi yana tabia nyingine. Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, na Mtera kwenye mto Ruaha Mkuu yana kingo nzuri za kutembea. Lakini kwenye maji baridi yaliyotuama, yenye majani na konokono, usiingize mguu wala kunawa: kichocho kinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mtera kuna mamba na viboko, kwa hiyo kule kukaa mita kadhaa kutoka majini si uoga, na alfajiri ndiyo saa mbaya kwa kiboko anayerudi kutoka malishoni. Njiani kwake hapasimami mtu. Ukikuta watu wazima kijijini, simama usalimie kabla ya kupita mashambani mwao. "Shikamoo mzee, tunaomba kupita tuangalie bwawa." "Marahaba, piteni tu, ila msishuke pale kwenye matete." Sentensi hiyo ya pili ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Ugogo, ukianza na salamu yao, "mbukwenyi", hata kwa lafudhi mbovu, utapewa na kijana wa kuwaongoza.

Neno juu ya reli yenyewe, kwa sababu kila kikundi kina mmoja anayependekeza kukata njia juu ya tuta. Hapana. Licha ya kwamba ni kosa, haipendezi kutembea: mataruma yamepangwa karibu kuliko hatua ya mtu mzima, ukiyafuata unadonoa kama kuku, ukiruka moja unatanua miguu mno, na katikati ni kokoto zinazopindua kifundo. Reli ya zamani yenye upana wa mita moja ina treni chache, na uchache huo ndio unaomfanya mtu asahau. Ile mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ukiwa na upepo unaovuma kwenda upande wake, hutaisikia mpaka imefika. Vuka kwenye vivuko na chini ya madaraja yaliyowekwa, basi.

Kikundi kikizidi watu sita, mwenye mwendo mdogo atangulie. Wenye nguvu wakitangulia, wanapumzika wakisubiri, na aliyechoka akifika wao wanasimama kuondoka. Yeye hapumziki kabisa. Simameni mara ya kwanza baada ya robo saa tu, kila mtu afunge upya kamba, maana mguu umeshapata joto na kiatu kimekaa tofauti. Baada ya hapo kila dakika 45, dakika saba au nane, si nusu saa, kwani misuli ikipoa kwenye upepo inakaza. Mtu akianza kujibu maswali kombokombo, au ngozi ikawa kavu na moto huku wengine wanatoka jasho, safari imeisha kwa wote. Apelekwe kivulini, alowanishwe shingo, kwapa na mapaja, apepewe, apigiwe usafiri kwenda hospitali wakati huohuo. Namba ya bodaboda au bajaji ya pale mjini iombwe kabla ya kuondoka, na simu moja ibaki imezimwa ikiwa na chaji.

Mkirudi stendi, vueni viatu kabla ya kupanda basi la Dodoma. Oshea miguu maji yaliyobaki kwenye lile fungu la tatu, kausha katikati ya vidole, vaa sasa yale malapa. Chukua siti ya upande wa njia ya katikati, mguu upate pa kunyooka, na Manyoni basi likisimama shuka utembee hata dakika tano huku wenzako wakinunua mahindi dirishani. Ukikaa masaa manne bila kunyanyuka, magoti yatakataa kuteremka ngazi ya basi.